MOYO WA MAMA MJA MZITO: Hotuba kwa Watu wa Kisumu na Ukingo wa Ziwa



Katika nchi za ukingo wa Ziwa Victoria, tangu Kisumu hata Asembo, na tangu Kendu Bay hata visiwa vya Rusinga na Mfangano, mwanamke mja mzito hutazamiwa kuzifanya kazi zake zote kama desturi. Huteka maji, hulima, huanika omena alfajiri, kisha hujitwika beseni kichwani mpaka sokoni. Akisema kwamba amechoka, huambiwa ya kuwa kila mja mzito huchoka. Akisema kwamba pumzi inamkatika, huambiwa ya kuwa mtoto amepanda juu. Aghalabu maneno hayo ni kweli. Lakini wako wanawake ambao kwao si kweli, na hotuba hii ni habari zao.

Na ufikiriwe mfano wa binti wa nchi ya Kano. Alipokuwa na umri wa miaka tisa aliumwa na koo, nalo likapoa lenyewe kwa siku chache. Baada ya majuma mawili au matatu goti lake likavimba; goti lilipopoa, kifundo cha mguu kikavimba, na baadaye kiwiko. Wazazi wake walidhani ni malaria, wakampa vidonge, naye akapona. Miaka kumi ikapita. Akaolewa upande wa Seme, akazaa mtoto wa kwanza bila taabu kubwa. Katika mimba ya pili, ilipofika mwezi wa sita, alianza kuamka usiku akihema, akaenda kukaa mlangoni kutafuta hewa. Mama mkwe wake alisema ni uvivu wa wasichana wa siku hizi. Mume wake, aliyempenda, alimnunulia dawa ya kikohozi dukani. Binti huyo ni wa mfano tu, wala hana jina. Lakini wakunga na madaktari wa Nyanza wanamjua sana.

Ugonjwa wake haukuanza katika mimba. Ulianza siku ile alipoumwa na koo. Wako vijidudu fulani waletao mafindofindo kwa watoto, hasa wale wenye umri wa miaka mitano hata kumi na mitano, na hasa mahali ambapo watu wengi hulala katika chumba kimoja, kama vile Nyalenda, Manyatta au Obunga. Mwili wa mtoto hupigana na vijidudu hao. Lakini kwa baadhi ya watoto silaha za mwili hukosea adui, zikashambulia viungo na moyo wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona kabisa. Moyo haukubali kupona hivyo. Vilango vyake hubaki na makovu, na kila homa inaporudi kovu huongezeka, hata kilango kikawa kigumu na chembamba, au kikashindwa kufunga.

Katika Ulaya na Marekani ugonjwa huu ulikuwa wa kawaida zamani. Ulipungua nyumba zilipopata nafasi, na zaidi baada ya kupatikana kwa penisilini. Mwaka wa 1950 madaktari waliokuwa na askari katika jimbo la Wyoming, Marekani, walitangaza ya kwamba mtu mwenye ugonjwa huo wa koo akitibiwa kwa penisilini mapema, homa ya baridi yabisi haimpati. Dawa hiyo si ghali. Hata hivyo, katika Afrika ugonjwa huu ungali unawapata watoto wengi, na mwaka wa 2018 Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia ulipitisha azimio la kuzitaka serikali zote zishughulike nao.

Sasa yafaa kueleza kwa nini mimba huufunua ugonjwa uliojificha miaka mingi. Kila mfugaji wa Nyando au Nyakach anajua zizi la ng'ombe. Jioni kundi hurudi, nao ng'ombe hupita langoni mmoja mmoja. Lango likiwa pana, wote huingia upesi. Likiwa jembamba, wachache bado wataingia bila matata, mradi wapewe nafasi. Lakini kundi likiongezeka ghafula kwa karibu nusu yake, na mchungaji akazidi kuwaharakisha, ng'ombe hujazana nje ya lango na kukanyagana. Ndivyo ilivyo damu. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita tano. Katika mimba kiasi hicho huongezeka kwa karibu nusu, na ongezeko hilo hufikia kilele katika majuma ya 28 hata 34. Moyo nao huongeza mapigo yake. Kilango kilicho kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo huwa na nafasi ya sentimita nne hata sita za mraba kwa mtu mzima mwenye afya. Kikipungua hata sentimita moja na nusu au chini yake, hali ni ya hatari. Damu isiyoweza kupita hurudi nyuma na kujaa katika mapafu, na maji yake hutoka na kuingia mahali pa hewa. Mama huyo huzama katika nchi kavu.

Pwani ya ziwa ina mambo mengine yanayozidisha mzigo huo. Malaria haijaacha kuwa adui mkubwa wa waja wazito huko, nayo humaliza damu. Safura huimaliza vilevile. Damu ikiwa nyepesi, moyo hulazimika kwenda mbio zaidi ili mwili upate hewa yake. Na moyo wenye lango jembamba hauwezi kabisa kustahimili mbio. Kwa hiyo chandarua, vidonge vya kuzuia malaria na vidonge vya madini ya chuma si mambo madogo kwa mama huyu. Kwake yeye, homa moja ya malaria yaweza kuwa ndiyo inayouangusha moyo.

Je, mtu atatambuaje uchovu wa kawaida na uchovu wa moyo? Mja mzito mwenye afya huhema akipanda mlima. Mwenye moyo mgonjwa huhema akifagia ua. Mwenye afya hulala kwa ubavu akapumzika. Mwenye moyo mgonjwa hushindwa kulala chali, hutaka mito miwili au mitatu, na huamka usiku wa manane kama mtu aliyekabwa. Kikohozi cha usiku kisichokwisha, makohozi yenye rangi ya damu, moyo kwenda mbio na kurukaruka mama akiwa amekaa kitako, kuzimia, midomo kubadilika rangi: hizo zote ni dalili za kumpeleka hospitali siku ile ile, wala si juma lijalo. Miguu kuvimba peke yake hakutoshi, kwa kuwa waja wazito wengi huvimba miguu. Na kikohozi hicho kimewapoteza wengi njia. Mama hutibiwa kifua kikuu au kichomi kwa miezi, na hakuna aliyeweka chombo cha kusikilizia juu ya moyo wake.

Wengine husema ni chira, yaani maradhi ya kuvunja mwiko, kwa kuwa mama amekonda uso na amevimba miguu. Haifai kuwacheka watu wanaosema hivyo. Wazee waliona ugonjwa wenye kudhoofisha nao wakatafuta sababu kwa maarifa waliyokuwa nayo. Lakini dawa za mitishamba hazifungui lango la moyo, na siku zinazopotea katika kuzitafuta hazirudi.

Ni vyema kujua ya kuwa hata Uingereza, madaktari wenyewe walikuwa gizani katika jambo hili si zamani sana. Alikuwako daktari mmoja Mskochi, James Mackenzie, aliyeanza kazi mwaka wa 1879 katika mji wa viwanda wa Burnley. Hakuwa bingwa wa moyo. Alikuwa daktari wa kawaida wa watu maskini. Siku moja mwanamke kijana mwenye ugonjwa wa moyo, aliyekuwa chini ya uangalizi wake, alifariki katika uchungu wa kuzaa. Mackenzie hakuweza kulisahau jambo hilo. Alijiuliza kama angaliweza kuijua hatari hiyo mapema. Akatafuta katika vitabu, asipate jibu. Basi akaanza kuwachunguza wagonjwa wake mwenyewe mwaka baada ya mwaka, akipima mapigo ya mishipa kwa chombo alichokibuni mwenyewe, na kuandika ni mama yupi aliyezaa salama na yupi aliyeshindwa. Mwaka wa 1921 alitoa kitabu juu ya ugonjwa wa moyo na uja uzito. Alikufa mwaka wa 1925, naye pia kwa maradhi ya moyo. Swali lake ndilo linaloulizwa hata leo katika kliniki ya Kisumu: ni mama yupi anayeweza kuuchukua mzigo huu, na ni yupi asiyeweza?

Tofauti ni kwamba siku hizi swali hilo lina jibu, na mara nyingi lina jibu kabla mimba haijashikwa. Kiko chombo kinachotumia mawimbi ya sauti, cha namna ile ile inayotumiwa kumwonyesha mtoto tumboni, ambacho huonyesha vilango vya moyo vikifunguka na kufunga. Hakiumizi wala hakina mionzi ya kumdhuru mtoto. Katika Kisumu mgonjwa aliyetumwa na zahanati hufikishwa katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita "Russia", kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi na kufunguliwa mwaka wa 1969. Kwa wale wanaohitaji kupasuliwa moyo, kazi hiyo hufanywa Nairobi, na pia katika Hospitali ya Tenwek huko Bomet, ambayo si mbali sana na Nyanza.

Madaktari huwagawanya wanawake hawa katika madaraja. Wenye kasoro ndogo huzaa karibu kama wengine, mradi wahudhurie kliniki. Walio katikati huweza kuzaa wakiangaliwa sana. Lakini liko daraja la mwisho, la wale ambao kilango chao ni chembamba mno, au nguvu ya moyo imekwisha, au shinikizo la damu katika mapafu limepanda sana. Hao huambiwa waziwazi kwamba wasishike mimba kabla ya kutengenezwa moyo, na wengine kwamba wasishike kabisa. Ni neno zito kwa mke kijana kuambiwa hivyo, na daktari anayelitamka mbele ya umati wa wagonjwa amekosa adabu. Lasemwa faraghani, na mume akiwapo ikiwa mke apenda.

Kwa mama ambaye tayari ana mimba, matibabu yapo. Lile zizi la ng'ombe laeleza mengi. Iko dawa ya kukojosha maji, ambayo hupunguza kundi. Iko dawa ya kupunguza mbio za moyo, ambayo huwapa ng'ombe muda wa kupita. Pumziko, na chumvi kidogo katika chakula, husaidia pia. Dawa zikishindwa, mabingwa huweza kupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa paja hata moyoni, wakatanua kilango kwa puto dogo. Njia hiyo ilianzishwa na daktari Mjapani, Kanji Inoue, katika miaka ya 1980, nayo imekwisha kutumiwa kwa waja wazito wengi duniani bila kumpoteza mtoto.

Wako pia wanawake waliokwisha kuwekewa vilango vya chuma. Hao ndio wenye mashaka makubwa kuliko wengine, kwa kuwa imewapasa kumeza kila siku dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo, iitwayo warfarini, yaweza kumharibu mtoto anapoanza kuumbwa, hasa kati ya juma la 6 na la 12. Lakini mama akiiacha ghafula kwa hofu, damu huganda juu ya kilango, naye hufa au hupatwa na kiharusi. Kwa hiyo asiiache yeye mwenyewe, wala asiendelee kimya. Na aende kwa daktari mara tu siku zake zinapochelewa, bila kungoja tumbo lionekane, ili abadilishiwe dawa kwa utaratibu. Ziko dawa nyingine za moyo na za shinikizo la damu zisizofaa katika mimba, na hizo pia hubadilishwa na mwenye kujua.

Sindano ya penisilini, ile itolewayo kila baada ya majuma matatu au manne kuzuia homa ya baridi yabisi isirudi, haimdhuru mtoto. Wanawake wengi huiacha wakishika mimba, nao hukosea.

Habari za kujifungua zahitaji kusemwa kwa urefu, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupotea. Watu hudhani mwenye moyo mgonjwa ni lazima apasuliwe. Sivyo. Kwa wengi njia ya kawaida ndiyo iliyo salama, kwani upasuaji una damu yake na hatari zake. Lakini lazima iwe katika hospitali kubwa. Mama halazwi chali. Huinuliwa kifua au hulazwa kwa ubavu wa kushoto. Hupewa dawa ya kupunguza maumivu, kwa sababu maumivu huukimbiza moyo. Hazuiliwi kusukuma kidogo, lakini hasukumi kwa muda mrefu. Mtoto anapokaribia, daktari humsaidia kwa chombo cha kuvuta. Ile sindano ya ergometrini, inayotumiwa kuzuia damu baada ya kuzaa, haimfai, kwa kuwa hupandisha shinikizo la damu ghafula. Mkunga asiyejua habari za moyo wake aweza kumchoma kwa nia njema kabisa.

Kisha huja saa ambayo jamaa hawaitazamii. Mtoto amelia, kondo limetoka, nyanya nje wanapiga vigelegele. Wakati huo huo tumbo linajikaza na damu nyingi iliyokuwa ikilisha kondo inarudi katika mwili wa mama kwa mkupuo mmoja. Kundi zima linaelekea langoni. Ndiyo maana saa 24 za kwanza, hata 48, ni za hatari kuu, na ndiyo maana mama huyu asiombewe ruhusa ya kurudi nyumbani siku ya pili ili wageni wamwone mtoto.

Mtu wa Kondele aweza kufika hospitali kwa nusu saa. Mtu wa Mfangano ana ziwa mbele yake, na mashua haiendi katika dhoruba ya usiku. Kwa hiyo mama mwenye moyo mgonjwa anayekaa kisiwani au mbali na barabara yafaa ahamie kwa jamaa walio karibu na hospitali kubwa tangu mwezi wa nane, naye awe na mtu wa kufuatana naye. Malipo yafikiriwe mapema pia. Mwezi wa Juni 2013 serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali zake, lakini matibabu ya moyo ni jambo jingine. Jamaa wahakikishe ameandikishwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyoshika mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024.

Uko ugonjwa mwingine wa moyo ambao hauhusu koo wala utoto. Huwapata wanawake waliokuwa wazima kabisa, katika mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi mitano baada ya kuzaa. Nyama ya moyo hulegea, na sababu yake haijajulikana sawasawa. Mama aliyejifungua salama majuma sita yaliyopita huanza kuhema na kuvimba, na watu husema ni kazi ya kunyonyesha. Wengi hupona wakitibiwa. Lakini moyo usiporudi katika nguvu yake, mimba nyingine yaweza kumwua.

Hapo ndipo neno la kupanga uzazi linapoingia, na si kwa ajili ya kupunguza watu kama baadhi wanavyoshuku. Uchunguzi uliofanywa kati ya mwaka 2010 na 2012 katika nchi 14, Kenya ikiwa mojawapo, uliandikisha wagonjwa 3,343 wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi. Theluthi mbili walikuwa wanawake, na umri wa katikati wa wagonjwa ulikuwa miaka 28. Lakini katika wanawake wa umri wa kuzaa, waliokuwa wakitumia njia ya kupanga uzazi walikuwa chini ya wanne katika kila mia. Vidonge vya kawaida vya kuzuia mimba vyenye dawa mbili havifai kwa wengi wao, kwa kuwa hugandisha damu. Kijiti cha mkononi au kitanzi hufaa zaidi, nalo ni shauri la kliniki.

Mume asimwachie mke peke yake shauri hilo. Katika nyumba nyingi mke asiyezaa kila baada ya miaka miwili husemwa vibaya na mawifi, naye huona afadhali kuhatarisha maisha kuliko kurudishwa kwao. Mume akisimama mbele ya mama yake na kusema, "Mama, daktari amekataza, nami nimekubali," mke huyo amepata dawa isiyouzwa dukani. Kadhalika wazazi wa binti mwenye moyo mgonjwa wasiufiche ugonjwa wakati wa kupokea mahari. Ukifichwa, hutokea katika mimba, na aibu wanayoiogopa huja pamoja na msiba.

Na binti huyo anapoolewa, cheti chake cha kliniki kisibaki kwa mama yake Kano. Akiweke katika mfuko mmoja na kitabu chake cha waja wazito, naye amwonyeshe mkunga siku ya kwanza, kabla hajaulizwa.